Aliyepanda Bati

7 Oktoba

Daftari hili lilikuja ndani ya katoni ya betri, zawadi ya wauzaji. Jalada lina neno moja la rangi ya dhahabu: MENEJA. Anania, mkurugenzi wetu, alilitupa mezani kwangu kwa sababu yeye anayo matatu. Basi nje limeandikwa Meneja na ndani ninaandika mimi, Vestina Manirambona, fundi mchoraji, mwaka wa nane katika kampuni hii ya sola hapa Kasulu. Tuko watu kumi na mmoja. Wanaokaa kikao cha uongozi kila Jumatatu ni watatu, wanaume watupu. Mimi huwapelekea chai na michoro. Chai huisifia.

Mvua bado.

9 Oktoba

Tawi linafunguliwa Kibondo, na linataka meneja. Anania ametutangazia tukiwa uani, amesimama juu ya kreti la soda kama mgombea. Amesema ataangalia kazi ya mtu, si sura. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Wale wanaotukopesha vifaa wana fomu yao ya kila mwaka, na swali la sita linauliza kuna wanawake wangapi kwenye uongozi.

"Miaka yote tumeandika sifuri," akasema. "Safari hii nataka niandike moja."

Nikainamisha uso wasione furaha yangu. Moja. Nilipoinua macho, Anania alikuwa anamtazama Swaumu.

Swaumu amekuja Machi. Mume wake Rashid ni daktari aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, naye akamfuata na stashahada yake ya umeme na mitandio yake inayolingana na viatu. Ana miaka ishirini na saba. Mimi nina thelathini na tatu, na mchoro wa kwanza aliousoma kwenye kampuni hii niliuchora mimi.

12 Oktoba

Hili niliandike vizuri, maana ndipo roho inaponiuma.

Kwetu Warundi, na kwa Waha pia, mwanamke hapandi juu ya nyumba. Mama akiulizwa sababu hujibu neno moja tu la Kirundi, kirazira, yaani haifanyiki, na mazungumzo yameisha. Wanasema nyumba iliyopandwa na mwanamke haikai na mwenyewe. Kwa hiyo miaka yote hii mimi napima jua, napiga hesabu ya mzigo, nachagua unene wa waya, nachora, kisha nasimama chini na mita mkononi. Mwanamume anapanda, anakaza boliti, anashuka. Fomu ya makabidhiano ina mstari mmoja tu wa jina: Aliyefunga. Na kwa desturi ya ofisi yetu, aliyefunga ni aliyepanda.

Leo nimekaa stoo nikapekua mafaili. Fomu mia mbili na kumi na mbili zenye michoro yangu. Jina langu halimo hata katika moja. Fidele, ambaye nilimfundisha kushika mita, anazo tisini na tatu. Swaumu, miezi saba, anazo kumi na nne.

Yeye hupanda. Wateja humtazama, wanacheka, wanasema huyu ni mtu wa pwani, hajui. Mimi najua. Na mimi nikipanda hawatasema sijui. Watasema, wale wakimbizi wa kambi ya Mtabila wametuletea mikosi. Uraia tuliupata zamani, lakini watu wana kumbukumbu ndefu kwa mambo ya namna hiyo.

15 Oktoba

Swaumu kaleta maandazi ya iliki ofisini. Sikula. Baadaye nilikula mawili, hayana kasoro.

21 Oktoba

Mvua ya kwanza. Mama ameamka na jembe.

2 Novemba

Tumepanda maharage mimi na Mama, mistari tisa. Nikamwambia habari ya Kibondo. Akaniuliza kama meneja hupewa nyumba. Nikamwambia anapewa, ila haitakuwa mimi, atakuwa yule binti wa Tanga anayepanda mabati.

"Anapanda, na mume wake anamwangalia tu?"

"Mume wake hata ngazi humshikia."

Mama akatikisa kichwa, akafukia mbegu. "Wewe usije ukapanda nyumba ya watu, mwana wanje, mwanangu. Sisi tulipokelewa tu hapa."

Nimelisikia hilo tangu nikiwa mtoto. Usicheke sana, usidai sana, sisi tulipokelewa tu.

8 Novemba

Kazi kubwa kuliko zote imepatikana. Mzee Hatungimana wa Makere anataka sola ya nyumba yake, kisima chake na mashine yake ya kusaga, yote kwa pamoja. Paneli ishirini na nne juu ya bati la nyumba. Anania amesema waziwazi: atakayesaini fomu ya Makere ndiye anayekwenda Kibondo. Kisha akasema, "Swaumu, utaongoza wewe. Vesti, mchoro."

Fidele aliguna. Nilimwonea huruma kwa dakika moja, halafu nikakumbuka kwamba hata yeye alikuwa na haki zaidi ya kuguna kuliko mimi. Mimi hata sikuhesabiwa miongoni mwa walioshindwa.

14 Novemba

Mchoro umekwisha. Ni mzuri. Nimeuona uzuri wake ukaniudhi. Makere ni mahali pa radi, kila mwaka hupiga mti au ng'ombe, kwa hiyo nimeweka ethi rodi mbili, vyuma vya kushusha radi ardhini, za mita moja na nusu kila moja, zizamishwe zote ardhini. Nimepiga mstari mwekundu chini ya neno zote.

Swaumu kausoma akasema, "Dada Vesti, wee unachora kama mtu anayeandika barua. Mie natamani ningekuwa na mkono huu."

Anatamani mkono wangu. Mkono achukue, aniachie jina.

19 Novemba

Nimefanya jambo leo.

Tulitangulia Makere mimi na Swaumu kwa pikipiki ya ofisi, kuweka alama pa kupitisha waya. Mzee alikuwa shambani. Tulimkuta mama yake, Bibi Ndayikeza, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anamenya maharage. Swaumu alimsalimia mwakeye, salamu ya Waha, kwa lafudhi yake ya Tanga, Bibi akafurahi, akamsogezea ungo. Swaumu akakaa chini kabisa, na suruali yake, akaanza kumenya naye. Watu wanampenda hivyo hivyo, bila kazi. Mimi niliyezaliwa na lugha yao nilikuwa nimesimama na futi mkononi.

Nikamwambia Bibi kwa Kiha, ndugu wa Kirundi chetu, sauti ya chini, ya heshima kabisa, "Mama, kesho nyumba hii itapandwa na mwanamke. Ni huyu hapa. Nimeona ni adabu mjue mapema."

Bibi akaacha kumenya. Alimtazama Swaumu, akaitazama nyumba, akanitazama mimi. Swaumu akatabasamu. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema mwaka huu mvua imekuja vizuri."

"Mwambie nashukuru kwa kunikaribisha."

Sikumwambia. Nilipima ukuta.

Sikusema uongo kwa Bibi. Nimejirudia hilo njia nzima ya kurudi, Swaumu akiwa nyuma yangu kwenye pikipiki, amenishika kiunoni kwa sababu barabara ilikuwa tope.

20 Novemba

Mzee Hatungimana alitusubiri kando ya ngazi, amevaa koti kama anakwenda kanisani. Hakugomba. Alisema, "Mama yangu amesema hapana. Mimi ni mtoto wake."

Swaumu alidhani ni utani. Akacheka, akaweka mguu kwenye ngazi. Mzee akaishika ngazi kwa mikono miwili, na kicheko kikamwisha Swaumu usoni polepole. Anania akasema mteja ni mteja, akamwita Fidele.

Nilidhani nitafurahi, na nilifurahi kweli, nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe. Swaumu alikaa juu ya katoni tupu ya paneli kutwa nzima, ameshika mchoro wangu mapajani. Mara moja aliniuliza, "Nani kawaambia?" Nikasema watu wana macho, wameiona suruali.

Mchana mawingu yakakusanyika, Fidele akawa na haraka. Nilikuwa chumba cha mashine nikiunga waya. Nikasikia Swaumu anasema nje, "Kaka, hiyo rodi haijazama." Fidele akamjibu kwamba kuna jiwe chini, na kwamba yeye amefunga nyumba tisini kabla yake. Kisha nikasikia msumeno wa chuma ukikata kitu. Nilijua ni sauti ya nini. Sikutoka kuangalia. Nilikuwa bado natafuna furaha yangu.

Aliyefunga: Fidele.

21 Novemba

Mvua kutwa. Swaumu anaumwa, hajaja.

4 Desemba

Swaumu amerudi kazini. Anaandika majina ya wateja kwenye kompyuta. Hakuna aliyemwambia aache kupanda, ila hakuna aliyemwita tena. Kwa wiki mbili hizi nyumba tatu zimefungwa, zote na Fidele.

Nilitaka asipande. Sasa hapandi, na mimi pia sipandi. Nimekaa hapa najaribu kuona nimepata nini.

20 Desemba

Imetangazwa. Fidele ndiye meneja wa Kibondo, kuanzia Januari. Tulipiga makofi. Anania aliichukua ile karatasi ya swali la sita akaandika mbele yetu, kalamu ileile anayosainia kila kitu: sifuri. "Mwaka kesho," akasema, akatabasamu kama mtu aliyekosa basi tu.

Fidele alikuja mezani kwangu. "Dada, michoro utaendelea kunitumia Kibondo, eh? Bila wewe mimi si kitu." Alisema kwa moyo kabisa. Ni mtu mwema Fidele, na hilo linaniongezea hasira.

25 Desemba

Kanisani. Mama kavaa kitenge kipya. Mahindi yamefika kiunoni.

29 Desemba

Radi imepiga Makere saa tisa mchana. Mzee Hatungimana kapiga simu mwenyewe. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mkubwa, lakini inveta imeungua, pampu imekufa, mashine ya kusaga inanuka mpira. Kesho tunakwenda.

30 Desemba

Ukuta wa nyumba una mstari mweusi toka kwenye bati hadi chini. Mzee alikuwa amesimama palepale alipoishika ngazi mwezi uliopita. Akauliza swali moja: kosa la nani?

Fidele akasema, "Mimi nilifuata mchoro. Mchoro ni wa Vestina."

Miaka minane nimengoja mtu alitaje jina langu mbele ya mteja. Limetajwa leo. Anania akanigeukia, na watu wote wakanigeukia, hata majirani waliokuja kutazama moshi. Habari ya msumeno sikuisema, kwa sababu kama ningeanza na msumeno ningelazimika kumaliza na maharage ya Bibi.

Aliyesema ni Swaumu. Hakusema mengi. Alichukua jembe lililoegeshwa ukutani, akafukua pale chini ya waya, akaivuta ethi rodi kwa mkono mmoja ikatoka kama mhogo. Ilikuwa na urefu wa kuanzia kiwiko changu hadi vidole. Akaiweka juu ya mchoro, mbele ya Anania, pembeni ya ule mstari mwekundu.

"Dada Vesti kaandika mita moja na nusu. Mbili. Zote." Akajipangusa tope. "Mie nilikuwepo, nikaona, nikanyamaza baada ya kujibiwa mara moja. Hilo ni kosa langu. Lake silioni."

Nilimchukia kwa dakika nzima. Mtu unamchimbia shimo, yeye anakuja kukutoa kwenye lingine.

2 Januari

Naumwa kichwa. Mama kasema ni mvua.

10 Januari

Anania kaniita ofisini, kafunga mlango. Fidele atabaki Kasulu. Tawi linafunguliwa mwezi ujao na meneja hayupo.

"Mzee Hatungimana nimezungumza naye," akasema. "Unajua amesemaje? Amesema kwenye kampuni yako kuna mtu mmoja tu mwenye adabu, yule binti aliyekuja kumwambia mama yangu mapema kwamba mwanamke atapanda. Akasema huyo akisimamia, kazi narudisha kwenu, na watu wangu wa Kibondo nitawaleta kwako."

Yule binti ni mimi.

"Sikujua ni wewe," Anania akasema, na akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekusifu kwa ujanja. "Basi Kibondo ni yako, Vesti. Kupanda hutapanda, watapanda vijana. Wewe utaongoza kutoka chini, kama siku zote. Na mimi nitaandika moja."

Nilisema asante. Niliisema haraka kabla hajabadilisha mawazo. Kisha nikaenda choo cha uani nikasimama humo mpaka mtu akabisha hodi.

11 Januari

Swaumu kaja nyumbani na Rashid, na chapati zimefungwa kwenye kitambaa. Habari zimemfikia. Alimkumbatia Mama kabla yangu. "Hatimaye mwanamke, mama," akamwambia. "Mie nilishakata tamaa kabisa na wale."

Nilimchungulia usoni nione kijicho hata chembe, nipumue. Hakuna. Anafurahi kweli. Ningekuwa mimi ningekuwa nimelala na homa.

Chapati sikula.

13 Januari

Nimemwambia Mama yote. Tulikuwa jikoni, mvua inapiga bati mpaka ilibidi nirudie kila sentensi mara mbili, na kuirudia ni adhabu yake yenyewe.

Nilitegemea aseme nilifanya vyema, mwiko ni mwiko. Alisonga ugali kwanza. Halafu akaniuliza, "Pale Mtabila, unakumbuka nani alitandika turubai juu ya nyumba yetu?"

Nikasema sikumbuki, nilikuwa mdogo.

"Mimi. Baba yako tulimwacha njiani. Nilipanda juu ya miti ya paa nikiwa nimekufunga wewe mgongoni, mvua kama hii. Na upande wa pili wa njia kulikuwa na wanawake sita juu ya nyumba zao, wajane kama mimi. Tulikuwa tunaitana huko juu."

"Na kirazira?"

"Kambini hakukuwa na kirazira. Kulikuwa na mvua." Akaepua sufuria. "Tulipotoka pale tukairudia, tuonekane watu. Sikukufundisha hayo ili ukayatumie kumpiga mwenzako."

Amenipakulia, hakuniangalia tena mpaka tumekwisha kula.

16 Januari

Nimemwambia Swaumu. Stoo, katikati ya mafaili, maana huko ndiko nilikoanza kuugua.

Nilimweleza tangu fomu mia mbili na kumi na mbili. Nilimwambia nimemwonea wivu tangu siku ya kwanza, mitandio yake, mume wake anayeshika ngazi, namna anavyokaa chini kwa watu. Nilimwambia nilichomwambia Bibi. Alikuwa ameshika faili, akaliweka mahali pake kwanza.

"Nilikuwa nimekaa palepale," akasema. "Ukasema mbele yangu, kwa Kiha, ili nisielewe."

"Ndiyo."

"Nami nikakuuliza anasemaje."

"Ndiyo."

"Ukanambia mvua."

Nikasema nisamehe. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayerudisha kitu ambacho si saizi yake.

"Hiyo samahani sina pa kuiweka sasa hivi, dada. Jumamosi tunakwenda Makere kurekebisha. Waya wa ethi umelegea juu kwenye fremu, lazima mtu apande. Upande wewe."

"Mzee atakataa. Nitaikosa Kibondo."

"Mie niliikosa." Akafungua mlango. "Ngazi nitakushikia. Hiyo ni kazi, haihusiani na haya."

17 Januari

Sijaamua. Nimefua suruali ya marehemu mjomba, ikakauka kwa shida.

18 Januari

Makere, jua kali baada ya mvua. Anania, Fidele, Swaumu na mimi. Rodi mbili nimezisimamia zikizama, Fidele akipiga nyundo. Jiwe lilikuwepo kweli, tukahama hatua tano, likaisha. Hatua tano tu.

Kisha nikaenda kwenye kigoda cha Bibi Ndayikeza, nikapiga magoti, nikamwomba nipande juu ya nyumba yake. Mzee Hatungimana alisikia, uso ukambadilika. "Wewe?" akasema. "Wewe ndiye uliyetuonya."

"Ndiye mimi, baba."

Anania alinitazama kama mtu anayeona pikapu yake ikiserereka kuelekea mtoni. Nikaona Kibondo ikienda, nyumba ya meneja, kikao cha Jumatatu, na Mama kwenye kibaraza chenye saruji. Sikusimama.

Bibi aliitazama nyumba. Halafu akamwambia mwanawe, "Geuza kigoda changu."

Mzee hakuelewa. Bibi akarudia. Wakamgeuza, mgongo kwa nyumba, uso kwenye migomba. Akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika, "Nisichokiona, sina la kukisema. Na yule mwenzako angeniomba siku ile, ningegeuka vilevile. Hamkuniomba. Wewe ulikuja kushtaki."

Swaumu, mkono kwenye ngazi, akauliza, "Anasemaje?"

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, mpaka lile la mwisho. Anania akasikia, Fidele akasikia.

Nilipanda. Ngazi ina vidato kumi na vinne. Nilivihesabu mpaka kidato cha tisa. Niliogopa kutazama chini, nikatazama, nikaona utosi wa Swaumu na mikono yake miwili imekaza ngazi. Hakuinua uso.

Kumbe juu ya bati hakuna kitu. Kutu kidogo, joto, majani ya mparachichi yaliyoziba mfereji, na boliti nne za kukaza. Nilizikaza kwa dakika ishirini. Dakika ishirini ndizo walizokuwa wakiziandika Aliyefunga miaka yote hii, na siku zangu za hesabu hazikuandikwa popote. Nilikaa huko juu nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kwa sababu hapakuwa na wa kuniona.

Niliposhuka nikapewa fomu. Aliyefunga: Vestina Manirambona.

20 Januari

Mzee kaupokea umeme wake. Hajaniaga, lakini hajafuta kazi. Anania ameninunia siku mbili, leo kasema Kibondo bado ni yangu. Nadhani ni lile swali la sita. Sikuuliza. Wivu umenifunza mengi, halikuwemo somo la kukataa kiti.

Nilimwomba Swaumu twende wote Kibondo, awe fundi mkuu. Akasema hapana, kwa upole. "Chini yako sitaweza, dada. Labda siku nyingine."

10 Februari

Kibondo. Ofisi ya vyumba viwili, jirani muuza mbao. Jambo la kwanza nimechapisha fomu mpya, mistari mitatu: aliyepima, aliyechora, aliyepanda. Nimezituma na Kasulu pia. Anania kalalamikia wino.

19 Februari

Mama kaja na mahindi mabichi ya shamba letu. Tumechoma. Kibaraza kakisifia kwa kukaa tu.

26 Februari

Fomu za Kasulu za mwezi huu zimefika. Katika tisa, sita zina jina la Swaumu, na nne kati ya hizo analo kwenye mistari yote mitatu. Michoro yake si kama yangu. Ni mizuri kuliko nilivyotaka iwe. Nimezifungia kwenye droo.

3 Machi

Kikao cha Jumatatu, Kasulu. Nilitoka Kibondo alfajiri, nimevaa kitenge kipya. Tulikaa wanne: Anania, Laurent wa fedha, Gharibu wa stoo, na mimi. Chai ililetwa na mtu mwingine. Nisiandike uongo, ilikuwa tamu. Kila nilipofungua mdomo walinigeukia wote, maana mwanamke ni mmoja, na mtu akiwa mmoja huonekana vizuri.

Ajenda ya mwisho ilikuwa meneja wa ufundi wa Kasulu. Anania akasema anafikiria kumpa Fidele, amejifunza kutokana na kosa. Gharibu akauliza, na yule Swaumu? Laurent akapekua karatasi zake, akasema bila ubaya wowote, "Mwanamke si tunaye tayari?"

Wakanitazama. Walingoja nitabasamu tu, basi, tufunge kikao.

Na mimi nilitaka kutabasamu. Nitaliandika hili hata likinitia aibu. Nilimwona Swaumu akiingia na kukaa kiti cha pembeni yangu, na mtandio wake unaolingana na viatu, na michoro yake, na watu wakimpenda kabla hajasema. Nilimwona akiwa bora kuliko mimi ndani ya mwaka mmoja. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko siku ile ya maharage, hata lugha nyingine haikuhitajika.

Mlango ulikuwa wazi. Swaumu alikuwa chumba cha pili kwenye kompyuta, umbali wa hatua sita, na nilijua anasikia kila neno.

Nikasema, "Swali la sita linauliza wangapi. Halijasema moja." Kisha nikamtaja kwa jina lake lote, nikataja fomu zake, na kosa la Fidele nikalitaja, na langu pia, lile la Novemba, ambalo Laurent na Gharibu hawakulijua, nikawaeleza. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, na wivu wangu bado ninao, mpaka nikasikia kule chumba cha pili mtu ameacha kubofya kompyuta.